Elimu Iliyotoka Nyumbani Kwetu

Mwaka 2007 jarida moja la kisayansi la Marekani lilichapisha makala kuhusu viroboto wa wilaya ya Lushoto. Watafiti, wengi wao wa vyuo vikuu vya Ubelgiji, na pamoja nao Rhodes Makundi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, walikuwa wameingia katika nyumba za vijiji 12 vya Usambara Magharibi wakikusanya viroboto na kuwahesabu. Katika vijiji 7 kati ya hivyo ugonjwa wa tauni ulikuwa umerudi mara kwa mara kati ya mwaka 1986 na 2004. Katika vile 5 vilivyobaki ulikuwa haukufika, au ulifika kwa nadra.

Walichokiona kinastahili kujulikana na kila mwenye nyumba. Karibu viroboto 7 katika kila 10 waliokutwa ndani ya nyumba walikuwa wa aina inayoitwa kiroboto wa binadamu, si wale wanaoishi zaidi kwa panya. Na mahali walipozidi hao wa binadamu, ndipo tauni nayo ilipozidi. Watafiti hawakusema kwamba wamemaliza neno. Walisema huenda viroboto hao wana sehemu yao katika kueneza ugonjwa, na kwamba kuwahesabu kungesaidia kujua mapema ni kijiji gani kiko hatarini.

Kwetu hilo si jambo dogo. Tauni iliingia Lushoto mwaka 1980, na kwa muda wa miaka zaidi ya 20 watu zaidi ya 7,000 waliugua na mamia walikufa. Wengi wenu mnaosoma hapa mnawakumbuka kwa majina. Ni ugonjwa unaotibika kwa dawa za kawaida za hospitali mtu akiwahi. Asipowahi, hutangulia kaburini kabla ya ndugu hawajamaliza kuitana.

Makala hayo hayauzwi. Jarida lililoyachapisha hutolewa na idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia magonjwa, na mtu yeyote duniani mwenye simu na bando anaweza kuyasoma yote bila kulipa. Mwanafunzi wa Brazili anaweza, daktari wa Madagaska anaweza. Lakini mama ambaye viroboto walichukuliwa kwenye sakafu ya chumba chake hawezi, kwa sababu yameandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu. Mlango uko wazi kabisa, naye amebaki nje.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: elimu ni mali ya nani? Tena, aliyekuwa nayo amemaliza wajibu wake lini? Akishaiandika? Akishaitoa bure? Au bado?

Nianze na wale wanaoifunga. Huenda baadhi ya washarika hawajui utaratibu wa mambo haya. Mtafiti hulipwa mshahara na chuo, mara nyingi kwa kodi za wananchi au kwa fedha za wafadhili. Akimaliza utafiti huandika makala na kuyapeleka kwenye jarida. Jarida huwaomba wasomi wengine wayakague, nao kwa kawaida hufanya hivyo bila malipo. Kisha mwenye jarida huyafungia, na anayetaka kusoma makala moja tu anaweza kudaiwa dola 30 au zaidi. Kijana mmoja anayefundisha sekondari alinionyesha kwenye simu yake makala yenye jina la milima yetu, juu ya udongo wa mashamba yetu, na chini yake bei kwa dola. Aliniuliza, "Mchungaji, hivi udongo ni wa nani?" Nilicheka, lakini swali halikuwa la kuchekesha.

Ni kwa sababu hiyo, mwaka 2002, wasomi waliokutana Budapest walitoa tamko wakitaka utafiti uwe huria, usomwe na kila mtu bila malipo. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha mpango wa kuzipatia taasisi za nchi maskini majarida ya afya bure au kwa bei ndogo. Haya ni mambo mema, na sioni aibu kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Yana kasoro yake pia: majarida mengi sasa yameacha kumtoza msomaji na yanamtoza mwandishi, maelfu ya dola kwa makala moja. Mtafiti wa Morogoro au wa Dar es Salaam anaweza kusoma bure kila kitu, halafu akashindwa kulipa ili yeye naye asomwe. Mlango umefunguliwa upande mmoja, ukafungwa upande wa pili.

Sisi Walutheri tunayo amri ya saba, na tangu Kipaimara tumefundishwa kwamba haiishii kwenye kutomchukulia mtu mbuzi wake. Luther katika Katekisimo Ndogo anaigeuza upande wa pili: inatupasa kumsaidia jirani mali yake na maisha yake yapate kustawi na kulindwa. Basi, ikiwa ninacho kitu ambacho kingemkinga jirani yangu na kifo, nami nimekikalia, sijaiba kwa mkono, lakini amri bado inaniuliza. Mithali 11:26 inamsema mtu anayezuia nafaka wakati watu wana njaa. Sioni kwa nini elimu ya tauni isihesabiwe kuwa nafaka.

Yupo atakayesema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake, na ni kweli. Mtafiti ale, mchapaji ale, fundi mitambo ale. Luther mwenyewe hakupokea malipo ya mwandishi kutoka kwa wachapaji wa vitabu vyake, ingawa wao walipata fedha nyingi. Lakini mwaka 1525 alipoibiwa sehemu ya maandiko yake ya mahubiri kabla hayajakamilika, yakachapishwa mji mwingine, alikasirika na kulalamika hadharani. Kilichomuuma ni kwamba kazi yake ilitolewa kwa haraka na makosa mengi, na kwamba aliyegharimia uchapaji wa kwanza aliumizwa. Kwa hiyo kutoa bure na kutoa ovyo ni mambo mawili. Mwalimu huyohuyo angeweza kutoa yote aliyo nayo, na bado akataka yawafikie watu yakiwa sahihi.

Wala si kila kitu cha kufunguliwa. Mchungaji aliyesikia ungamo hafungui mdomo mpaka afe. Daktari naye hali kadhalika. Mtafiti aliyeambiwa na mzee fulani dawa ya mizizi ambayo ukoo wake umeitunza kwa vizazi, hana haki ya kuitangaza duniani kwa jina la elimu huria kabla ya kumuuliza huyo mzee. Ua la Usambara, lile dogo la zambarau, mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa kikoloni, likapewa jina la familia yake mwaka uliofuata, na leo linauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Watu wa milima hii hawakuulizwa, wala jina lao la ua hilo halikuulizwa. Kwa hiyo anayepigania uwazi aangalie pia ni nani anayefunguliwa na ni nani anayefungua.

Hayo nayapita. Ninalotaka kukaa nalo ni jambo la wale waliofungua kwa moyo mwema kabisa, kama watafiti wa viroboto, na bado mama yetu akabaki nje.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 yuko mtu mkubwa, mtunza hazina wa malkia wa Ethiopia. Anarudi kutoka Yerusalemu ndani ya gari lake, na mkononi ana chuo cha nabii Isaya. Fikirini gharama ya kitabu kama hicho wakati ule, kilichonakiliwa kwa mkono, herufi kwa herufi. Huyu alikuwa na uwezo, alikipata, alikifungua, na alikuwa anakisoma kwa sauti. Hakuna aliyemzuia. Lakini Filipo alipomuuliza kama anayaelewa, alijibu kwa swali: ataelewaje pasipo mtu wa kumwongoza? Akamwomba apande, akae naye.

Nimelihubiri somo hili mara nyingi, na karibu kila mara watu hukumbuka ubatizo na maji ya njiani. Mimi sasa nakumbuka zaidi lile gari. Filipo alikimbia kulifikia, akapanda, akakaa. Hakumpa yule mtu kitabu cha pili. Alianzia palepale mwenzake alipokuwa amefika katika kusoma.

Paulo naye, katika 1 Wakorintho 14, anawaambia watu wenye karama ya lugha kwamba asiye na mfasiri anyamaze katika kanisa. Ni neno zito, maana hakusema karama hiyo ni mbaya. Alisema haijengi mtu ikiwa aliyeketi pale hawezi hata kuitikia Amina. Nasoma makala ya wasomi wetu juu ya maisha yetu wenyewe, nami najiuliza ni nani kati ya washarika anayeweza kuyaitikia Amina. Au kuyakataa, maana hilo nalo ni haki yake.

Watu wa milima hii wanalo kumbukumbu chungu la elimu iliyokuja bila kukaa nao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Mwingereza ilileta Mlalo mradi wa kuokoa udongo, kisha ukapanuliwa Usambara. Wataalamu walikuwa na ukweli mkononi: udongo wetu ulikuwa unaporomoka na mvua. Lakini ukweli huo ulishuka kama amri ya kulima matuta, pamoja na adhabu kwa asiyelima. Walioinama na majembe wengi walikuwa akina mama, ambao tayari walikuwa na kazi za kuwatosha. Watu walikataa, na katika miaka ya 1950 mradi ukafa huku chuki yake ikiisaidia siasa ya uhuru. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyeishi kati ya Wasambaa na kujifunza lugha yao, aliandika habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1990, na katika jina lenyewe la kitabu aliwaita wakulima wetu wasomi. Ni heshima kubwa. Nacho kiko kwa Kiingereza.

Baadaye, kuanzia mwaka 1981, ulikuja mradi mwingine wa udongo wa Tanzania na Ujerumani, na majani ya guatemala yaliyopandwa kwenye kingo za makinga maji bado mnayaona mkipita. Hayo yalikubalika zaidi, kwa sehemu kwa sababu ng'ombe huyala. Mtu alipoona faida, hakuhitaji askari.

Basi tusiseme kwamba kuandika kwa lugha ya watu haiwezekani, au kwamba Kiswahili hakitoshi. Historia ya watawala wetu, Habari za Wakilindi, iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, Mwislamu, na ikachapishwa na misheni ya Waanglikana kule Magila zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kanisa, mwandishi asiye wa kanisa hilo, na Kiswahili: wote watatu walikutana kwenye mtambo mmoja wa kuchapa. Luther alifanya vivyo hivyo na Kijerumani. Agano Jipya alilolitafsiri akiwa amejificha Wartburg lilitoka Septemba 1522, na miaka minane baadaye, akijitetea kwa wakosoaji wake, alieleza kwamba mfasiri lazima amsikilize mama nyumbani, watoto barabarani na mtu wa kawaida sokoni, aone wanavyosema, ndipo atafsiri. Hakuwadharau wenye Kilatini. Alikijua kuliko wengi wao.

Kuna jambo jingine linalonisukuma, nalo ni hatari zaidi kuliko ukimya. Uongo hauna ada, na hauandikwi kwa Kiingereza cha wataalamu. Mwaka 2011 habari za kikombe cha Samunge, Loliondo, zilifika kila pembe ya nchi kwa Kiswahili rahisi, kwa mdomo na kwa simu, na maelfu kwa maelfu wakafunga safari, wengine wakiwa wameacha dawa zao za hospitali. Sitaki hapa kumhukumu mzee yule, mchungaji mstaafu wa kanisa letu, ambaye ameshalala. Nasema tu kwamba habari ile ilikuwa wazi kwa kila mtu. Maelezo ya madaktari kuhusu kutoacha dawa yalikuja nyuma, kwa sauti ndogo, kwa maneno magumu. Wakati wa korona tuliona tena jambo lilelile: sauti za WhatsApp zilipanda mpaka Mgwashi kabla ya tangazo lolote la kueleweka. Mtu mwenye kiu hatangoji maji yachujwe. Tukilaumu wanaokunywa ya mtaroni, tuulize pia nani alikuwa na kisima na alikijengea ukuta wa aina gani.

Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1960 alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila na asirudi, alisema, ni msaliti. Ni mfano mkali, na sisi watumishi wa kanisa hatuwezi kuusikiliza kana kwamba unawahusu maprofesa tu. Wachungaji wengi tumesomeshwa kwa mahindi, maharage na mboga zilizonadiwa ibadani. Tukaenda vyuoni, tukaandika tasnifu juu ya ndoa, juu ya matambiko, juu ya vijana wanaokimbilia mjini, na waliotupa majibu ni wazee wa sharika hizihizi. Tasnifu hizo zimekaa kwenye rafu za maktaba. Sisemi zitafsiriwe zote, nyingine hazistahili hata karatasi. Lakini mzee aliyekaa saa tatu akimjibu mwanafunzi maswali ya ukoo wake ana deni lake la kudai, na deni hilo halilipwi kwa kumpa anwani ya maktaba.

Pia sidhani mzigo huu ni wa mtafiti peke yake. Mtu anayejua viroboto si lazima ajue kuhubiri. Filipo hakuwa mwandishi wa kitabu cha Isaya. Katika kila usharika sasa wapo wanafunzi wa vyuo vikuu, walimu, wauguzi, bwana shamba mstaafu. Wanarudi likizo, wanakaa kwaya ya vijana, wanaimba, wanaondoka. Hatujawahi kuwaona kama wafasiri. Tunawaomba mchango wa ujenzi.

Mwezi wa Agosti, katika ibada ya jumuiya, niliwaomba vijana wawili, mmoja anasoma Morogoro, wayaeleze makala ya viroboto kwa Kisambaa. Walijiandaa wiki nzima. Kwanza walishindwa kupata maneno, kwa sababu walichojifunza kwa Kiingereza kilikuwa kimelala kwa Kiingereza; akina mama wakawasaidia, maana majina ya wadudu wa nyumbani wanayo wao. Walipofika kwenye hesabu ya vijiji 7 na vijiji 5, bibi mmoja aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, ambaye siku zote husinzia ninapohubiri mimi, aliinua mkono.

"Baba Mchungaji," alisema, "wajukuu wametueleza vizuri wale 7. Na wale 5 ambao haikuwafika, wao wanalala juu ya nini? Mbuzi wao wanalala wapi? Waliulizwa hao, au walihesabiwa viroboto tu?"

Vijana walitazamana. Yule wa Morogoro akatoa daftari, akamwomba bibi arudie swali polepole, akaliandika kwa Kisambaa kama lilivyotamkwa. Jumatatu alipanda basi nalo.